Karani Hajafungua Ofisi

Jumamosi hiyo asubuhi gazeti lililotandikwa chini ya banda la Karani lilikuwa safi kabisa. Ungeweza kulisoma lote, kuanzia tangazo la mnada hadi matokeo ya mpira. Mzee aliliinamia, miwani puani, akaligeuza na upande wa pili, kana kwamba sungura angeweza kujisaidia chini yake. Kisha akaita jikoni.

"Mwanangu! Karani hajafungua ofisi."

Mkwewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpishi kwa kuwa ndiyo kazi yake katika shule ya bweni, alikuwa anasugua sufuria. "Labda amechelewa kuamka, Baba. Naye ni mzee."

"Jana pia hakufungua. Na majani ya jana jioni hayo hapo, hajayagusa."

Mpishi alifuta mikono akatoka barazani. Karani alikuwa amejikunyata pembeni mwa banda, mgongo juu, macho nusu yamefumba, anasaga meno polepole. Alikuwa sungura dume mweupe mwenye sikio moja jeusi, lililomlalia ubavuni mwa kichwa kama kalamu ya mtu wa ofisini. Ndiyo maana marehemu mama mkwe alimpa jina hilo. Tangu enzi za marehemu, kila asubuhi Mzee alikagua gazeti na kutangaza idadi ya vidonge vya choo alivyovikuta: "Leo Karani kawasilisha mafaili sitini." Mzaha huo ulikuwa na umri wa miaka tisa, sawa na sungura mwenyewe, na bado Mzee aliucheka peke yake.

Alipofiwa na mkewe, Mzee alilala wiki tatu akiutazama ukuta. Aliamka siku aliyosikia Karani anagonga kibakuli kikavu, maana wote walikuwa wamesahau kumwekea maji. Tangu hapo wawili hao hawakuachana. Na siku moja, akinywa chai, bila kulia wala kupandisha sauti, Mzee alisema, "Siku Karani akienda, msihangaike kuniamsha." Mwanawe alicheka. Mpishi hakucheka, na maneno yale hayakumtoka kichwani hadi leo.

"Baba, vaa viatu," alisema. "Tunampeleka kwa daktari."

*

Mume wa Mpishi, fundi wa mafriji, alikuwa mlangoni na sanduku lake la vifaa. Friza ya muuza nyama ilikuwa imezima tangu alfajiri na simu haikumpa nafasi ya kupumua.

"Daktari? Sungura wa miaka tisa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mke wangu, mtu akiniletea friji la miaka tisa, huwa namwambia ukweli. Anunue jingine."

"Hilo friji lina baba yako ndani yake."

Fundi alitazama barazani, ambako baba yake alikuwa anamfunika sungura kwa kitambaa ndani ya kikapu cha sokoni, akiongea naye kama anayembembeleza mtoto wa homa. Akatoa nauli mfukoni, akaiweka juu ya meza.

"Nikimaliza friza ya watu nitawapigia," alisema. "Na Baba amekula?"

"Amekula. Sahani imerudi inang'aa."

Alilisema kwa fahari kidogo, na fahari hiyo ilikuwa na historia yake. Miaka ishirini na miwili Mpishi alisimama kwenye dirisha la jiko la shule, pale wanafunzi wanaporudishia vyombo, akizisoma sahani. Mtoto anaweza kukusifia chakula huku amekimwaga nyuma ya bweni, lakini mia nne zikirudi na wali uleule, Mpishi alijua mchele umeungua hata kabla mwalimu wa zamu hajaja kulalamika. Mazoea hayo alikuja nayo nyumbani. Miezi minne iliyopita Mzee alibakisha nusu sahani siku tatu mfululizo, na siku ya tatu Mpishi, aliyekuwa ametoka kazini amechoka, uvumilivu ulimwishia. "Kama chakula changu hakikufai, Baba, mwambie mwanao akutafutie mpishi mwingine." Alinuna siku mbili. Tangu hapo Mzee alianza kulia chakula barazani, ati amsindikize Karani, na sahani zilirudi safi, hata punje huoni. Mpishi alihesabu kwamba ameshinda. Hata kazini alijigamba kwamba baba mkwe wake, na uzee ule, anafuta sahani.

*

Kliniki ya mifugo ilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, chumba kimoja cha daktari na ukumbi wenye mabenchi mawili. Kabla hata hawajafika huko, jirani wa mlango wa pili alikuwa amekwisha kuwauliza wanakwenda wapi na kitoweo asubuhi yote hiyo. Ukumbini palikuwa na mbwa watatu, kuku ndani ya boksi, na bwana mmoja mwenye mbuzi anayechechemea.

"Mama," alisema yule wa mbuzi, akichungulia kikapuni, "huyo ni wa kutibiwa, au mmekuja kuuliza kama nyama yake inafaa?"

Watu wakacheka. Mpishi alijifanya anatafuta kitu mkobani. Mzee hakusikia, au hakutaka kusikia. Mkono wake ulikuwa ndani ya kikapu.

Msichana wa mapokezi alifungua daftari. "Jina la mgonjwa?"

"Karani," Mzee alijibu.

"Sijauliza kazi yake, Babu."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mzee alitabasamu kwa adabu, kama mtu asiyeona kinachochekesha, akasubiri wamalize. Mpishi alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, anaamrisha jiko la watu tisa, na leo amekalia benchi lenye manyoya ya mbwa na sungura mapajani. Lakini aliutazama ule mkono wa Mzee, jinsi vidole vilivyokuwa vinapapasa sikio jeusi huku na huku, akabaki pale pale.

"Uzito wake?" msichana aliendelea.

"Kilo mbili na robo," alisema Mzee.

Hilo Mpishi hakulitilia shaka. Baba mkwe wake alikuwa mpima mizani wa ghala la nafaka kwa miaka thelathini na mitano. Watu walisema akishika gunia anakutajia kilo zake, kisha mizani ndiyo inamfuata. Hata nyumbani hakuna aliyesumbuka na mizani. Mzee akipima nyama kwa kiganja, imepimwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya haraka. Alimweka Karani juu ya mizani ndogo mezani.

"Kilo tatu na gramu mia moja," alisema. "Nani ameandika mbili na robo?"

Mpishi alimgeukia Mzee, na Mzee alikuwa ameupa uso ukuta wenye picha ya ng'ombe. Angekosea gramu hamsini, Mpishi angesema ni uzee. Kilo nzima kasoro kidogo hakosei mtu anayembeba mnyama huyo kila siku ya Mungu. Aliona waziwazi kwamba amedanganya, ila hakuelewa mtu anadanganya uzito wa sungura ili apate nini.

Daktari alimfunua Karani meno, akayamulika. Akamminya tumbo taratibu kwa vidole viwili, akaweka kipimo masikioni na kusikiliza upande huu, kisha upande ule. Alisikiliza muda mrefu.

"Kimya," alisema. "Utumbo umesimama. Sungura akikaa siku mbili hali na hapati choo, hapo ni kufa kupona, na huyu umri umekwenda. Sioni kama kuna kitu kimeziba, hilo ni la kushukuru. Ila tumbo limejaa gesi na linamuuma. Anakula nini?"

"Majani," alisema Mpishi. "Na nyasi kavu. Nanunua mwenyewe kila wiki."

"Na nini kingine?"

"Basi. Hayo tu."

Daktari alimwinua Karani kidevu. Manyoya ya chini ya mdomo yalikuwa yameshikamana, magumu, yana rangi ya maziwa. Aliyakwangua kwa kucha, akayanusa, akamsogezea Mpishi kidole.

Ilikuwa harufu ya iliki. Nyumbani mwao uji wa maziwa wenye iliki ulipikwa bakuli moja tu kila asubuhi, bakuli la Mzee, kwa sababu marehemu alikuwa anampikia hivyo.

"Hii nyasi yenu inapikwa?" daktari alitania, akivuta dawa kwenye bomba. "Mama, sungura huyu anakula sahani ya mtu. Uji, wali, mkate, vitu vya namna hiyo, siku nyingi. Tumbo lake haliwezi. Sasa huyo mtu mwenye sahani, yeye anakula nini?"

Alisema kwa mzaha, na hakusubiri jibu. Alikuwa amekwisha kumwinamia Karani na sindano ya maji ya chini ya ngozi. Mpishi ndiye aliyebaki na swali lile. Alimtazama baba mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Koti alilokuwa analivaa hata siku za jua. Mkanda wenye matundu mawili mapya, yaliyotobolewa kwa msumari, na ncha yake ndefu iliyozungushwa hadi ubavuni. Kila siku alimwona mtu huyu, akamsalimia, akamfulia shati, na macho yake yaliishia kwenye sahani.

*

Waliandikiwa dawa mbili. Tumbo lisuguliwe taratibu, na kila baada ya saa tatu alishwe unga wa nyasi kavu uliolowekwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nafaka marufuku. "Asipopata choo hadi kesho jioni, mrudi," alisema daktari, "na mje mmejiandaa."

Karibu na mlango wa kutokea palikuwa na mizani ya chini, bati pana ambalo yule mbuzi anayechechemea alikuwa ametoka kupimiwa. Mpishi alisimama.

"Baba, panda hapo."

"Nipande wapi?"

"Hapo kwenye mizani."

"Mwanangu, hapo wanapima mbuzi."

"Najua, Baba. Nakuomba."

Bwana wa mbuzi alifungua mdomo aseme lake, akamwona Mpishi usoni, akaufunga. Mzee alimkabidhi kikapu. Kisha akavua viatu, akavipanga pembeni, kwa sababu ghalani hakumruhusu mtu kupanda mizani na matope yake. Alipanda, akasimama wima, mikono imenyooka. Alisubiri tarakimu zitulie, akazisoma kwa sauti kama alivyozisoma miaka thelathini na mitano, ili karani wa ghala aandike.

"Arobaini na nne."

Hakuna aliyeandika. Alikaa juu ya lile bati kitambo kidogo, akizitazama zile namba.

"Siku niliyostaafu nilikuwa kilo sitini na nane," alisema, na akashuka kuvaa viatu.

Nje kulikuwa na benchi la zege chini ya dirisha la duka. Mpishi alimketisha, akaketi naye, kikapu katikati yao.

"Tangu lini, Baba?"

"Nini?"

"Baba."

Mzee alivuta pumzi. "Mwanzo ulikuwa wali. Nikimeza unafika hapa," akagusa kifua, "unakaa. Nakunywa maji, maji nayo yanarudi. Ukafuata mkate. Siku hizi hata uji mzito haupiti. Chai inapita. Maziwa yanapita."

"Miezi minne?"

"Na siku kadhaa."

"Na nyama? Karani hali nyama."

"Nyama anakula paka wa jirani, na tangu Karani aanze kuugua, uji pia." Akatazama chini. "Naye kanenepa kama Karani, ukimwangalia vizuri."

Mpishi hakujua acheke au alie. "Kwa nini hukusema? Mwanao yupo. Mimi nipo."

"Mama yenu alisema. Akapelekwa hospitali kwa miguu yake, akarudi ndani ya sanduku." Akamfunika Karani vizuri kwa kitambaa. "Na wewe ulinuna siku mbili."

"Nilinuna?"

"Nilipobakisha. Ukasema nitafutiwe mpishi mwingine. Unarudi kutoka kule kupikia watoto wa watu mia nne, miguu imevimba, unaniwekea na iliki. Nikaona haifai sahani ya mtu kama wewe irudi na chakula. Karani alikuwa pale, anapenda uji. Nikadhani nimepata dawa ya wote watatu."

Mpishi aliona aibu iliyomfikia hadi miguuni. Alitamani kubisha, atafute neno la kujitetea, kwamba alikuwa amechoka, kwamba hakuwa na maana hiyo. Lakini ndiyo, alikuwa amenuna. Alikuwa ameshindana na mgonjwa juu ya nusu sahani ya wali, akashangilia alipomshinda.

"Nisamehe, Baba," alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo kwenye benchi la watu. "Nisamehe sana. Jumatatu twende hospitali."

"Karani kwanza."

"Wewe na Karani."

"Karani kwanza," Mzee alirudia, na sauti ilikuwa ile ya ghalani, isiyobishiwa. "Mimi ndiye niliyemponza. Akipona nitakwenda mnakotaka. Asipopona, msinipeleke popote."

*

Fundi aliporudi alasiri aliwakuta barazani. Baba yake alikuwa amempakata sungura ndani ya taulo, ameshika bomba lenye uji wa kijani. Mkewe alikuwa ameketi mbele yao, ameshika kikombe cha maziwa na kijiko. Mzee akimsukumia Karani tone moja pembeni mwa mdomo, Mpishi naye anamsogezea Mzee kijiko, na Mzee haruhusiwi kuendelea mpaka ameze. Walikuwa wamekubaliana hivyo, Mzee shingo upande.

"Mnacheza nini?" Fundi aliuliza.

Mpishi alimweleza. Alimweleza yote, hata ile ya mpishi mwingine, bila kujipunguzia. Fundi alikwenda kunawa mikono yenye grisi, akainawa muda mrefu mno, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akachukua taulo jingine.

"Nipe nimsugue tumbo," alisema. "Taratibu, sivyo?"

"Taratibu," alisema baba yake. "Si kompresa ya friji hiyo."

Jumapili asubuhi gazeti lilikuwa safi. Saa sita mchana lilikuwa safi. Karani alitema nusu ya uji wake na kumchafua Fundi shati la kutokea. Jirani alikuja kuulizia mgonjwa, safari hii bila utani, akaleta fungu la majani mabichi. Saa nane Mpishi alianza kuyaweka maneno sawa kichwani, jinsi atakavyomwambia Mzee kama mambo yakiharibika, na kila alipoyapanga yaliishia pale pale, msinipeleke popote. Alikuwa anasali, yeye ambaye si mtu wa kusali sana, akiomba mavi ya sungura.

Saa kumi kasorobo alikuwa jikoni aliposikia anaitwa. Alikimbia na mwiko mkononi.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya banda. Juu ya gazeti, katikati ya tangazo la mnada, palikuwa na vidonge vidogo, vikavu, vimepindapinda, kimoja kimeunganishwa na kingine kwa unywele.

"Saba," alisema Mzee. "Karani kafungua ofisi."

Fundi alipiga kofi, akamkumbatia mkewe pamoja na mwiko wake. Karani, aliyesababisha yote hayo, alinyoosha shingo, akavuta unyasi mmoja kavu kutoka kwenye rundo, akaanza kuutafuna kutoka ncha hadi ncha, kidogo kidogo. Walimtazama wote watatu mpaka ukaisha.

"Haya," alisema Mzee, akitafuta mkono wa kumnyanyua. "Hiyo Jumatatu yenu ni kesho."

*

Hospitali waliingiza mpira wenye taa kooni mwake, wakakuta njia ya chakula imebanwa, pembamba kama mrija wa soda. Walikata kipande kidogo cha kupima, majibu baada ya wiki mbili. Wakitaja jina la ugonjwa wowote sasa, daktari alisema, watakuwa wanabahatisha. Kuhusu kuipanua njia alisema inawezekana, na akampa tarehe. Kabla ya hapo ale vitu laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Mzee alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaenda moja kwa moja barazani kukagua gazeti. Mafaili thelathini na moja.

Jumanne mchana Mpishi aliomba ruhusa kazini arudi mapema. Alipika viazi, akaviponda na maziwa mpaka vikalainika, akachuja mara mbili, akapakua kwenye sahani. Mzee alikwenda kulia barazani kama kawaida. Mpishi alibaki jikoni, akajizuia kuchungulia. Alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatachungulia.

Baada ya muda mrefu Mzee alitokea kwenye dirisha la jiko, akamsogezea sahani. Viazi vilikuwa vimebaki, upande mmoja umechimbwa na kijiko, upande wa pili haujaguswa.

"Imebaki, mwanangu," alisema, na alisimama pale kama mwanafunzi anayesubiri kukaripiwa.

Miaka ishirini na miwili kwenye dirisha, na Mpishi hakuwahi kufurahia kuona chakula kimerudi, mpaka leo. Aliitazama ile nusu.

"Umekula kiasi gani, Baba?"

Mzee aliiinua sahani kidogo kwa kiganja, akaipima.

"Gramu mia na ishirini zimeingia. Labda mia na ishirini na tano."

"Kweli?"

"Leo ni kweli."

Mpishi aliipokea sahani kwa mikono miwili, akafunika kilichobaki ili ampashie jioni.